Jiwe Ling'aalo na Kinywa Kinyamazacho

Huku Lubero kunachimbwa dhahabu, na mtu wa Alimbongo aokotapo jiwe ling'aalo, moyo humdunda. Kulitambua si kazi ngumu. Aligonge kwa nyundo: dhahabu hubonyea na kutandazika, pairiti, iliyo chuma na kiberiti, huvunjika ikawa unga. Alisugue juu ya mgongo wa kigae cheupe usiolainishwa: dhahabu huacha mstari wa manjano, pairiti mstari mweusi.

Lakini tuseme amekwisha kujua kwamba ni pairiti, na jirani aja na fedha zote za mavuno yake, akidhani ni dhahabu. Je, aweza kunyamaza? Wengine hujitetea: «Sikusema uongo, macho anayo.» Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha hivi: kasoro iliyo wazi, muuzaji halazimiki kuitaja, iliyofichika, yenye kumletea mnunuzi hasara, lazima aitaje. Tena yafaa. Maana hapa jirani anunua kwa kuwa hajui, naye muuzaji auza kwa kuwa ajua. Asiyejua hukosea tu. Ajuaye akanyamaza ameiba. Basi na aseme kweli kabla fedha hazijahesabiwa.