Neno Alilofichwa Nabii Elisha



Tunawaomba mfungue Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, mstari wa 8 hadi wa 37. Habari ya mama wa Shunemu tunaijua tangu utoto. Wahubiri wanapenda mwisho wake, pale mtoto anapopiga chafya mara saba na kufungua macho. Leo tunataka kusimama katikati ya habari hiyo, pahali ambapo wengi wanapita mbio.

Mtoto amekufa juu ya magoti ya mama yake. Mama anamlaza kwenye kitanda cha nabii, anafunga mlango, anaomba punda. Bwana yake anamwuliza sababu ya safari. Anamjibu kwamba ni salama. Gehazi, mtumishi wa Elisha, anatumwa kumlaki njiani na kumwuliza habari yake, ya bwana yake na ya mtoto. Naye anapata jibu lile lile. Sisi watu wa Kongo hatushangai. Mtu ana mgonjwa hospitalini na mwenye nyumba anamfukuza, lakini ukimsalimu atakujibu: "Nzuri tu, Papa." Kisha mama yule anafika mbele ya nabii mwenyewe, anaanguka, anamshika miguu. Gehazi anataka kumsukuma. Elisha anamkataza, kwa maana ameona uchungu wa roho yake. Tena anakiri mbele ya mtumishi wake kwamba Bwana amemficha neno hilo.

Nabii aliyepokea roho ya Eliya maradufu anakiri kwamba hajui. Haoni haya. Anamwacha mama aseme, na maneno ya mama si matamu: anamlaumu nabii juu ya mtoto ambaye yeye hakumwomba. Elisha anayapokea maneno hayo na kuondoka mara moja juu ya kazi.

Swali letu ni hili. Mgonjwa anapokuja katika chumba cha maombi, je, mwenye kipawa cha kuona ana haki ya kusema kabla ya kumsikiliza? Katika makanisa yetu ya kinabii swali hili si dogo, maana watu wengi wanakuja kwetu hasa kwa sababu wanataka kuambiwa bila kuulizwa. Wanakaa kimya, wanatutazama usoni. Mwonaji akiuliza, "Mama, una shida gani?", wengine wanasema moyoni: huyu hana roho, kama angekuwa nayo angejua.

Mawazo haya hayakutoka katika Injili. Yalitoka kwa mfumu. Victor Turner, mwanachuoni aliyekaa katika miaka ya 1950 kati ya Wandembu wa Zambia, ndugu za Walunda wa Katanga yetu, aliandika namna watu walivyomjaribu mpiga ramli: walimnyima habari, hata walimjibu uongo kusudi waone kama atapotea. Mfumu alipaswa kuvumbua mwenyewe. Wazazi wetu walikuwa na sababu zao; mtu aliyelipa kuku hakutaka kudanganywa. Lakini nani alituambia kwamba mtumishi wa Mungu ajaribiwe kwa mtihani wa mfumu? Na yeye mwenyewe, kwa nini anakubali mtihani ule? Mara nyingi ni kwa kuogopa aibu. Watu wanangoja, kipaza sauti kiko mkononi, Roho hajasema kitu, na kunyamaza ni vigumu. Basi mtu anasema chochote.

Tuseme mama mmoja wa Katuba, kule Lubumbashi, anakuja na maumivu ya tumbo ambayo waganga wa hospitali hawakuyapatia sababu. Nyumbani anamlea mtoto wa dada yake marehemu, mvulana wa miaka 7. Mwonaji hamwulizi kitu. Anasema tu: "Katika nyumba yako kuna mtu mdogo anayekula nguvu yako." Ni maneno kumi hivi. Mama anarudi nyumbani, anamtazama mvulana. Kumbe anakojoa kitandani, kumbe anaamka usiku na kulia, kumbe aliiba sukari! Jamaa wanakusanyika. Baada ya juma moja mtoto analala sokoni chini ya meza za wauza samaki.

Je, kama mama huyu angeulizwa? Pengine angesema kwamba mimba yake iliharibika mwaka jana, na hakuna mtu aliyelia pamoja naye. Pengine angesema kwamba bwana yake haleti tena pesa ya chakula. Mambo kama haya yanatoka polepole, baada ya robo saa ya kusema juu ya bei ya unga. Na kuhusu mvulana, mtoto aliyefiwa na mama ana haki ya kulia usiku.

Tunajua kwamba mambo haya yameharibu maelfu ya watoto katika miji yetu, na kwamba sehemu kubwa ya mashitaka ilitoka vinywani mwa watu waliojiita watumishi wa Mungu. Katiba ya mwaka 2006 inakataza kumtesa mtoto kwa kumshitaki ulozi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaweka adhabu. Ni haya kwetu kwamba Serikali ilipaswa kutufundisha jambo hilo.

Wengine watatujibu: Mungu anajua yote, basi kwa nini mtumishi wake aulize? Mungu mwenyewe anauliza. Alimwita Adamu katika shamba na kumwuliza yuko wapi. Malaika alimkuta Hagari jangwani, akamwita kwa jina na kwa kazi yake, maana yake alimjua. Hata hivyo alimwuliza anatoka wapi na anakwenda wapi (Mwanzo 16). Bwana Yesu alimwuliza Bartimayo kipofu anataka afanyiwe nini, na kila mtu pale aliona kwamba mtu huyu ni kipofu. Yule mama aliyetokwa na damu miaka 12 alikuwa amekwisha kupona alipoulizwa (Marko 5). Kama kusudi lilikuwa ni dawa tu, angemwacha aende. Alisimamisha mkutano mzima, na Yairo anangoja na binti yake anakufa, hata mama aseme kweli yote kwa kinywa chake. Maradhi yalikuwa yamemnyima pesa, na tena yalimnyima kusema mbele za watu. Bwana alimrudishia na hilo.

Kwa hiyo swali la mponyaji si la kutafuta habari tu. Mtu anayeulizwa anarudishiwa maneno yake. Mtu anayetabiriwa bila kusikilizwa anaondoka na maneno ya mwingine, nayo yanaweza kuwa mazito kuliko ugonjwa.

Katika desturi zetu mgonjwa haji peke yake. John Janzen alichapisha mwaka 1978 kitabu juu ya matibabu katika Bas-Zaïre, inchi ya Papa Simon Kimbangu, na alionyesha namna jamaa wanavyoshika mambo ya mgonjwa: wao wanachagua hospitali ao nganga ao nabii, wao wanalipa, wao wanajibu. Ni baraka kubwa. Tumesikia kwamba katika inchi za wenzetu mtu anaweza kufa ndani ya nyumba na jirani asijue. Lakini angalieni: mjomba anasema, shangazi anaongeza, mgonjwa anatazama chini. Shauri letu ni kuwasikiliza wakubwa kwanza kwa heshima yote, kisha kuwaomba wakae nje kidogo, mlango ukiwa wazi na mama mmoja wa kanisa akiwa karibu, ili yule mwenye mwili wake aseme.

Hata nyumbani wazee wetu walijua kwamba mnyonge anahitaji njia ya kusema. Kwa Wawoyo, karibu na bahari, mwanamke mwenye shida na bwana yake alifunika chakula kwa kifuniko cha mti chenye sanamu za mithali. Bwana aliyekula pamoja na rafiki zake hakuweza kujifanya hakuona. Wote walikiona kifuniko, na shauri lilizungumzwa pale pale. Siku hizi vifuniko hivyo viko katika majumba ya makumbusho, nao wamama wetu wanasema kwa kugonga sufuria. Bwana anaongeza sauti ya redio.

Waganga wa siku hizi nao wamefika pahali hapo kwa njia nyingine. Carl Rogers wa Marekani (1902–1987) alianza katika shule ya teolojia kabla ya kuingia katika elimu ya nafsi. Alifundisha kwamba mwenye shida asikilizwe bila kuhukumiwa, na kwamba msikilizaji amrudishie maneno yake ili ajue kama amesikiwa vizuri. Hatumfuati katika yote. Sisi tunaamini kwamba kuna saa ya kutoa shauri na hata ya kukaripia. Lakini katika kusikiliza ametupita wengi wetu. Na hapa kwetu Bukavu, katika hospitali ya Panzi iliyoanzishwa mwaka 1999 na Mganga Denis Mukwege, aliyepewa tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, kuna wamama wanaoitwa "mamans chéries". Kazi yao ni kukaa karibu na wanawake walioumizwa vitani, kuwapokea, kuwasikiliza. Kisu cha mganga kinashona mwili. Mwanamke aliyenyamazishwa na bunduki anahitaji pia mtu wa kuketi naye.

Inabaki jambo gumu. Mgonjwa amesema, na mwonaji ameonyeshwa kitu kingine. Neno la nani lishike? Sisi tunasema: ono lingoje. Kama limetoka kwa Mungu halitaoza kwa siku tatu. Aombe juu yake, awaambie wazee wawili, na kama lina jina la mtu ndani, lisitoke hata kidogo katika mkutano. Eliya alipokimbia jangwani akitaka kufa, malaika hakumwambia maono. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akampa tena. Swali lilikuja baadaye, pangoni.

Na kilichosikiwa kikae pale kiliposikiwa. Sheria ya adhabu ya inchi yetu inawabana waganga na wote wanaopokea siri kwa kazi yao. Sisi tunazitoa kama mifano ya mahubiri: "Kuna mama mmoja hapa, sitamtaja jina..." Na watu wote wanageuza shingo kumtazama.

Turudi Shunemu. Elisha alimtuma Gehazi kwanza na fimbo yake, aiweke juu ya uso wa mtoto. Hakukuwa na sauti wala kusikia. Ilipasa nabii mwenyewe aje, afunge mlango, ajilaze juu ya mtoto, kinywa kwa kinywa, macho kwa macho, mikono kwa mikono, mpaka mwili upate joto. Vilevile tarehe 6 Aprili 1921, kule Ngombe-Kinsuka, Papa Simon Kimbangu aliingia mwenyewe katika nyumba ya Mama Nkiantondo, mgonjwa, na kumwekea mikono katika jina la Yesu.

Yule mvulana wa Katuba hana maneno ya kueleza kwamba anamwota mama yake kila usiku. Akiletwa kwenu, msimsimamishe mbele ya watu kumwuliza maswali. Mama mmoja amkalishe karibu naye kwenye mkeka, wachambue maharagi pamoja, na asimwulize kitu siku ya kwanza.