Nikinyimwa posho, je, naruhusiwa kuiba saa?

Ijumaa iliyopita baada ya swala kijana mmoja wa mtaani kwetu alinifuata nje ya msikiti, akaniamkia, "Shikamoo mjomba," kisha akatoa bahasha. Chuo anachosoma hapa Dar es Salaam kimempatia nafasi ya kwenda Kuala Lumpur, Malaysia, kwa muhula mmoja. Atasoma darasani, na wiki nane za mwisho atafanya mafunzo ya kazi katika ofisi. Alitaka kujua habari ya chakula. Nilimwambia asihangaike, kwani Malaysia ni nchi ya Waislamu wengi, ina hata idara ya serikali inayotoa alama ya halali kwa mahoteli na viwanda. Labda pilipili tu ndiyo itakayomtoa machozi. Nilichotaka kumwambia mimi kilikuwa kingine, jambo ambalo nimekaa nalo miaka mingi kimya.

Mwaka 2003 nami nilikwenda katika mji huo huo kwa utaratibu unaofanana na wake. Ofisi niliyopangiwa iliniahidi kwa mdomo posho ya ringiti 400 kwa mwezi, za nauli na chakula cha mchana. Mwezi wa kwanza ukaisha, hakuna kitu. Nikauliza, nikaambiwa wiki ijayo. Nikauliza tena, nikaambiwa mhasibu amesafiri. Kazi nilikuwa nafanya, tena ile ambayo wenyewe hawakuipenda, ya kupanga majalada ya miaka ya nyuma na kulinganisha risiti moja moja.

Basi nikajilipa mwenyewe. Kazi ilikuwa inakwisha saa 12 jioni. Alasiri kule huingia kama saa 10 na nusu, na karibu kila jengo lina chumba cha kuswalia wanachokiita surau. Nikawa naaga kwenda kuswali, naswali kweli, kisha sirudi. Napanda treni hadi kituo cha Masjid Jamek, nakaa katika msikiti ule wa mwaka 1909, pale inapokutana mito ya Klang na Gombak, najisomea au nasinzia hadi Magharibi. Kwenye daftari la mafunzo nilikuwa naandika kuwa nimetoka saa 12. Msimamizi alikuwa anasaini kurasa za wiki nzima bila kuzitazama. Siku 18 kwa saa moja na nusu ni saa 27. Na wafanyakazi wenzangu walikuwa wanasifu ucha Mungu wa yule Mwafrika.

Ndugu msomaji, usidhani nilikuwa silijui nililolifanya. Nilikuwa na hoja, tena ya dini. Imo katika Bukhari na Muslim habari ya Hind bint Utba, mke wa Abu Sufyan, aliyemshitakia Mtume (S.A.W.) kuwa mumewe ni bahili, naye akaruhusiwa kuchukua katika mali yake kiasi cha kumtosha yeye na watoto wake kwa wema. Wanavyuoni wakaijadili sana: je, aliyenyimwa haki yake anaruhusiwa kuichukua kwa siri? Imam Shafi, ambaye ndiye tunayemfuata wengi wetu Pwani hii na ndiye wanayemfuata Waislamu wa Malaysia pia, analipanua jambo hili. Kauli mashuhuri kwa Wahanbali ni kukataza, kwa kuwa iko Hadithi nyingine, waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, inayotukataza kumfanyia hiana hata aliyetufanyia sisi hiana. Ibnul Qayyim akapita katikati: sababu ya haki ikiwa wazi kwa watu, kama ndoa, mchukuaji hahesabiwi mwizi, ikiwa imefichika, basi aache.

Mimi nikashika ile kauli pana, nikalala usingizi. Nadhani wengi tuna tabia hii, ya kuwa Mashafi siku ile Ushafi unapotufaa.

Ilinichukua muda mrefu kuona kosa liko wapi. Hind alichukua mali ya Abu Sufyan. Mali ilitoka kwa mwenye kudaiwa, ikaenda kwa mwenye kudai. Mimi nilichukua nini kwa ile ofisi? Saa nilizokaa msikitini hazikuwalipa ringiti 400 zangu. Pengine ningeishia hapo ningekuwa na la kujitetea, kwamba asiyelipa posho asidai kazi kamili. Lakini niliandika. Na daftari lile halikuwa la ofisi. Lilikuwa la chuo kilichonituma, ambacho hakikunidhulumu hata senti, na kupitia chuo likawa la kila atakayeisoma hati yangu na kuiamini. Deni alikuwa nalo mmoja, nikamdanganya mwingine. Huo si utozaji wa haki, ni ushahidi wa uongo, na sijaona mwanachuoni wa madhehebu yoyote aliyeuruhusu kwa sababu ya posho.

Surat Mutaffifin inawaonya wale ambao wakipimiwa wanataka kipimo kitimie, na wakipima wao wanapunguza. Niliisoma mara nyingi kule nikiwafikiria wenye ofisi. Na ni kweli, mwenye kumtumikisha mwanafunzi wiki nane kwa ahadi asiyokusudia kuitimiza ni mpunja, na wapo wengi, hata hapa kwetu, wanaoita utumwa huo "kujifunza". Lakini mizani yangu je? Niliitaka hati kamili ya saa ambazo kipimo chake nilikipunja mwenyewe.

Nilirudi, hati ile ikanisaidia kupata kazi. Nikaanza kuuogopa mshahara wangu. Nilipomuuliza sheikh mmoja, aliniuliza kwanza kama kazi ninaiweza. Nikasema ndiyo. Akasema basi mshahara ni wa kazi unayoifanya, ule. Udanganyifu una toba yake, na toba inayogusa haki ya mtu haitimii kwa istighfari peke yake, waandikie. Ilinipitia miaka mingi kabla ya kuandika. Mwaka jana ndipo nilipotuma barua chuoni, nikataja saa 27. Jibu halijafika.

Kijana alinisikiliza, kisha akauliza swali la haki kabisa: "Sasa mjomba, nao wakininyima, nifanyeje?" Nikamwambia adai kwa maandishi, nakala iende chuoni, wakikataa, aombe kuhamishwa au aondoke saa 10 na nusu akiwa amewaambia kuwa anaondoka, na daftari liseme saa 10 na nusu. Atapungukiwa saa, ndiyo. Huenda akarudia wiki mbili. Sikumficha kuwa njia hiyo ni ghali, na kwamba mwanafunzi aliye ugenini bila nauli hana ubavu wa kupigana na ofisi.

Tukaifungua fomu yake tukaisoma pamoja. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni, lakini kwenye fomu, mbele ya neno posho, paliandikwa tu kuwa itazungumzwa baada ya kuwasili. Akairudisha ndani ya bahasha, akasema Jumatatu ataipeleka kwa mratibu ijazwe kwa tarakimu na isainiwe. Kisha akaniuliza tena ile habari ya pilipili.