Ulimi wa Kuazima

Kuna uongo mdogo ambao wengi wetu tumeusema tukiwa na glasi mkononi. Wangu niliusema Westlands, kwenye chakula cha jioni cha kazini. Bosi alikuwa amefungua chupa ya Chianti, mvinyo mwekundu wa Toscana, Italia. Akaonja, akafumba macho, akauliza: "Mnaisikia cheri?" Meza nzima ikaitikia kwa kichwa. Mimi sijawahi kula cheri mbichi maishani. Ninayoijua ni ile ya juu ya keki, na ile ni sukari tu.

Dada mmoja kutoka Mombasa, mgeni kazini, akasema, "Mimi nasikia zambarau." Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Sasa niulize: kati yetu, nani aliuonja ule mvinyo?

Utasema ladha ni maoni, kila mtu na ulimi wake, kwa hivyo hakuna uongo hapo. Sikubali. Chianti hutengenezwa hasa kwa zabibu inayoitwa Sangiovese, na zabibu hiyo ina mambo mawili ambayo si maoni: uchachu na tanini. Tanini ndiyo hufanya chai ya rangi iliyochemka sana ikaushe mdomo. Inashikana na protini za mate, ulimi unabaki mkavu. Neno lake tunalo tangu utotoni: ukakasi. Yeyote aliyewahi kuuma ndizi mbichi, au kula zambarau hadi ulimi ukawa bluu, anaujua. Yule dada alishika kitu kilichomo ndani ya glasi, akakiita kwa jina la nyumbani kwao. Sisi wengine tulikuwa na jina bila kitu.

Cheri si uongo kinywani mwa Mtoscana. Amekula cheri tangu akiwa mtoto. Kwake neno hilo ni kumbukumbu. Likifika Westlands linakuwa kitambulisho: ukilionyesha, unafunguliwa mlango. Na ajabu ni kwamba Watoscana wenyewe hawakuchezea majina. Mwaka wa 1716, Cosimo III de' Medici alitangaza mipaka ya eneo la Chianti, ili jina lisibandikwe kwenye mvinyo wa kwingine.

Hata kanuni za chakula zilianza na mtu kuuamini ulimi wake. Siku hizi tunaambiwa Chianti na tambi za sosi ya nyanya ni chanda na pete. Ni kweli: nyanya ina uchachu, na mvinyo usio na uchachu wake hupooza mbele yake. Lakini nyanya, mzaliwa wa Amerika, ilifika Italia karne ya 16, na mvinyo ulikuwa Toscana karne nyingi kabla. Lazima kuna mtu alijaribu kwanza, bila kuambiwa.

Kule Florence huunywa pia na bistecca alla fiorentina, kipande kinene cha nyama ya ng'ombe na mfupa wake, kimechomwa juu ya makaa, chumvi, basi. Protini na mafuta ya nyama hulainisha ukakasi. Ukishaelewa hilo, huhitaji ruhusa ya mtu kuunywa na mbuzi choma na kachumbari.

Kwa hivyo mwalimu anaweza kunionyesha pa kutafuta. Nilichokipata ni lazima niseme mwenyewe, maana shahidi wa ulimi wangu ni mimi peke yangu.

Mwezi uliofuata tulikaa meza ileile. Chupa ikafunguliwa, bosi akauliza. Wa kwanza kujibu alikuwa yule dada. "Cheri," akasema, na hakuna aliyecheka.

Hapo ndipo nilipouona uongo wangu ulivyofanya kazi. Nilidhani unanihusu mimi na glasi yangu tu. Kumbe kila kichwa kilichoitikia kilimwambia kwamba alichokisikia hakipo.

Nilikuwa nimechelewa mwezi mzima, lakini nikasema: "Mimi nasikia zambarau."

Alinitazama. Hakucheka.