Miguu Inapoyatangulia Macho

Je, kipawa chaweza kumdhulumu aliyejaliwa nacho? Katika kandanda ya Marekani, ambayo mpira wake hushikwa kwa mikono, yuko mchezaji aitwaye kwotabeki. Kazi yake kubwa ni kusimama nyuma ya walinzi wake na kumtupia mpira mwenzake aliyepata nafasi. Ana kama sekunde tatu, na mapande ya watu yanamjia. Asiye na mbio hana budi kutazama: kwanza huyu, kisha yule, kisha wa tatu. Dhiki humfunza. Mwenye mbio, akiona wa kwanza amebanwa, hutimka, naye hushangiliwa. Kwa nini ajifunze kungoja?

Mwaka 2006 Michael Vick wa Atlanta alikimbia yadi 1,039, jambo ambalo hakuna kwotabeki aliyelifanya kabla yake katika msimu mmoja. Lakini pasi zake 388 zilishikwa 204 tu. Baadaye alikiri mwenyewe kuwa hakujibidiisha katika kujifunza. Lawama si yake peke yake: kocha atakaye ushindi wa Jumapili hii hamkatazi kijana kukimbia. Nami mwalimu nimempa alama zote mtoto akokotoaye kichwani, nisimdai njia, mpaka hesabu ngumu zikamkuta hana njia.

Steve Young naye alikuwa na mbio. Alipofika San Francisco mwaka 1987 aliwekwa akiba miaka minne nyuma ya Joe Montana, akitazama. Katika fainali ya Januari 1995 alitupa pasi sita za kufungia, na miguu yake ilikuwa ileile.