Dalali Apimwe Siku Bei Inapochafuka

Wanangu mnaouza na kununua sarafu za kigeni kwenye simu, nawasikia mkimsifu dalali kwa bonasi na kwa tofauti ndogo kati ya bei ya kununua na ya kuuza. Hizo ni sifa za siku tulivu, na siku tulivu kila dalali huonekana mwaminifu.

Tarehe 15 Januari 2015, Benki Kuu ya Uswisi iliacha ghafla kulinda kiwango cha faranga 1.20 kwa yuro, ilichokishikilia tangu Septemba 2011. Nairobi na Dar es Salaam ilikuwa saa sita na nusu mchana. Kwa dakika chache yuro ikaporomoka hadi chini ya faranga moja. Waliokuwa wamenunua yuro na kuweka agizo la kukata hasara karibu na 1.20 walijiona salama. Kumbe agizo la kawaida la aina hiyo huamuru tu kwamba bei ikifika hapo, uza kwa bei itakayopatikana. Wanunuzi walikuwa wametoweka, na wengi wakauziwa chini mno. Kwa kuwa walifanya biashara kwa mkopo wa dalali, akaunti zao ziliisha, kisha zikageuka deni. Madalali wenyewe nao wakaumia: Alpari ya Uingereza ikafilisika. FXCM ya Marekani ikatangaza kuwa wateja wake wanadaiwa takriban dola milioni 225, ikanusurika kwa mkopo wa dola milioni 300.

Kwa hiyo andikeni kila bei mliyoomba na mliyopewa, hasa saa zinapotoka takwimu za ajira za Marekani, bei inapochafuka. Bei kuteleza kidogo saa hizo si wizi. Tazameni inateleza upande gani. Ikiwa kila mara inawaumiza ninyi, na soko likiwaendea vizuri programu inaganda au agizo linakataliwa, hameni. Akaunti ya majaribio haitawaonyesha hili, maana maagizo yake hayafiki sokoni.

Mlioko Kenya, hakikisheni dalali ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, inayosimamia biashara hii kwa kanuni za 2017. Leseni pekee haitoshi. Hata Alpari ya Uingereza ilikuwa na leseni ya kwao. Kabla ya kutuma hata shilingi moja, muulizeni kwa maandishi: akaunti yangu ikishuka chini ya sifuri, nani atalipa? Asiyejibu waziwazi, msimkabidhi fedha zenu.