Mlio wa Asubuhi

Motakaa yangu ilikuwa na hati ya dhamana ya miaka 3. Kila asubuhi injini ilitoa mlio, kama njugu zitikiswazo katika kopo, punde ukanyamaza. Jirani alipotaka kuinunua, nalikusudia kumwonyesha adhuhuri, injini ikiwa na moto. Mlio ulinyamaza, lakini dhamiri haikunyamaza.

Basi nikaipeleka kwa fundi wa wauzaji. Akailaza usiku kucha ipoe, alfajiri akaiwasha, akasikiliza kwa chombo kama cha daktari, akasema, "Mnyororo wa ndani umelegea. Ukiruka meno, vali zitagongana na pistoni, injini yote iharibike." Akataka hati za kubadili oili, maana asiyeitunza motakaa aweza kunyimwa dhamana. Nalikuwa nazo. Akaitengeneza bila malipo.

Ndugu, sisi nasi hupenda kuonekana adhuhuri, tukiwa tumenyamaza. Lakini fundi hatengenezi kosa lililofichwa. Tuifunue mioyo yetu mbele za Mungu kama ilivyo alfajiri, wala tusimfiche jirani. Neema ni bure. Tusiikawilie hata muda ukapita.