Paulo Hakukubali Kuchapwa Kimya

Paulo alikuwa amekwisha kufungwa, mijeledi iko tayari, pale ngomeni Yerusalemu. Hakunung'unika, wala hakusema liwalo na liwe. Alimgeukia akida aliyekuwa karibu akamuuliza kama sheria iliwaruhusu kumchapa raia wa Rumi bila hukumu. Swali moja tu! Waliotaka kumchapa wakarudi nyuma, na jemadari mwenyewe akaogopa alipokumbuka ni nani aliyemtia kamba. Kasome Matendo ya Mitume sura ya 22, kisha uniambie ni nani aliyekufundisha kwamba mtu wa Mungu haulizi.

Nasema na ninyi, wapendwa, mliotoka Uvira, Fizi na Masisi, mkakaa miaka na miaka kwenye kambi za Nyarugusu na Kakuma, na leo mnalipa pango Dallas, Louisville na Des Moines. Mmepita kwenye risasi. Lakini mkifika mbele ya kijana mwenye tai anayeuza magari yaliyotumika, mnatia saini karatasi ambazo hakuna aliyewasomea, mnashukuru, mnaondoka. Gari likifa njiani wiki ya pili mnasema Mungu atalipa. Atalipa, ndiyo! Lakini Mungu huyo huyo, katika Kumbukumbu la Torati, alimkataza mfanyabiashara kubeba mawe mawili ya kupimia, kubwa na dogo. Nabii Amosi aliwakemea wauza nafaka walioona Sabato inachelewa kwisha, wana hamu ya kurudi kuwapunja maskini. Mambo ya soko yamo ndani ya Biblia. Ni sisi tulioyatoa madhabahuni.

Najua utakachoniambia: Paulo alikuwa raia, mimi si raia. Vema. Fungua Walawi 24, uone kama Mungu aliweka sheria mbili, ya mgeni na ya mzaliwa. Na katika jambo hili hata Marekani imeandika vizuri. Sheria inayozibana kampuni za kutuma pesa haiulizi pasipoti yako. Sheria inayowabana wakusanya madeni haiulizi. Bima ya serikali juu ya akaunti za benki, hadi dola 250,000, inamlinda mwenye akaunti awe amezaliwa Ohio au Kalemie. Hofu kwamba ukidai haki yako dukani utanyang'anywa makaratasi imewatajirisha wezi wengi. Asiye na makaratasi kabisa ana sababu ya kuwa mwangalifu, sitamdanganya. Huyo amwone wakili kwanza. Lakini wewe uliyepokewa kama mkimbizi, hata zile ofisi za mawakili wa bure zinazolipiwa na Legal Services Corporation, shirika lililoundwa kwa sheria mwaka 1974, zinaruhusiwa kukuhudumia. Umewahi kubisha hodi?

Tutazame pesa za nyumbani, maana kila mshahara ukitoka kuna mtu anatuma Bukavu au Kampala. Tangu mwaka 2013 kampuni ya kutuma pesa inalazimika kukuonyesha, kabla hujalipa, ada yake, kiwango cha kubadilishia fedha, na kiasi ambacho mama yako atapokea mkononi. Kabla hujalipa, nasema! Ukishalipa una dakika 30 za kufuta na kurudishiwa pesa zako zote pamoja na ada, mradi hazijachukuliwa upande wa pili. Zisipofika, au zikifika pungufu, una siku 180 tangu tarehe waliyoahidi za kulalamika, nao wana siku 90 za kuchunguza. Ni wangapi kati yetu walioambiwa mtandao ulikuwa na shida, wakakopa kwa shemeji na kutuma mara ya pili, huku zile za kwanza wakizihesabu kuwa sadaka? Na tangu Januari 1, 2026, anayetuma kwa pesa taslimu anakatwa kodi ya asilimia 1, ilhali anayetuma kutoka akaunti ya benki ya Marekani hakatwi. Ewe unayeficha dola chini ya godoro kwa kuogopa benki, unalipia hofu yako.

Tena ogopeni duka la mkopo wa haraka kuliko mnavyoogopa benki. Dola 15 kwa kila 100 kwa wiki mbili, wanakwambia, ni kidogo. Kopa 300, ukishindwa kulipa ulipe 45 ili usogeze siku. Sogeza mara nane: umetoa 360, na zile 300 bado unadaiwa zote. Mkopo huo ni kupe. Deni la nauli ya ndege mliyojia, lile la shirika la uhamiaji, IOM, halina riba hata senti moja, na ukililipa kwa wakati linakujengea jina jema la krediti. Lakini ndilo wengi wanalolitupa kapuni, kisha wanakimbilia dukani kwenye kupe.

Kuhusu magari nitasema kwa ufupi. Yule anayewaambia kuwa mna siku tatu za kurudisha gari amewapoteza. Siku tatu za sheria ya serikali kuu ni za mchuuzi aliyekufuata nyumbani kwako na vitu vyake. Gari ulilolifuata mwenyewe kwenye yadi halimo. Basi soma ile karatasi iliyobandikwa kiooni kabla ya kugusa kalamu, kwa sababu ndiyo inayosema kama muuzaji atatengeneza kitu au unalichukua lilivyo.

Sasa nikaribie nyumbani, na atakayekasirika akasirike. Wako ndugu zetu, wanasema Kiswahili kama sisi, wengine wanaimba kwaya, waliofungua biashara ya kujaza fomu za uhamiaji. Wanachukua mamia ya dola kwa fomu ambazo serikali inazitoa bure, wananakili kisa cha mtu mmoja kwa watu wengi, na jibu baya likija wanabadilisha namba ya simu. Akikwambia yeye ni notari, jua kwamba notari wa Marekani kazi yake ni kushuhudia saini. Ushauri wa sheria ya uhamiaji unatolewa na wakili mwenye leseni, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria. Mwombe akuonyeshe idhini yake. Na yule anayewaandalia marejesho ya kodi kwa malipo halafu anakataa kuweka saini yake mwenyewe, mkimbieni: sheria inamtaka asaini. Ninyi mnaofanya haya, rudisheni pesa za wajane kabla hamjarudi kushika maikrofoni.

Nasi wachungaji hatuna pa kujificha. Tunachangisha kwa spika mpya, nazo ni nzuri, lakini mama anakuja na bahasha ya hospitali na tunamwekea mikono kichwani bila kuifungua. Fungua! Weka meza baada ya ibada, weka vijana wetu waliosoma, msome barua za watu kwa siri na kwa uaminifu. Maana hivi sasa anayesoma ni mtoto wa darasa la nne, anamtafsiria baba yake ugonjwa wake na deni lake. Sheria ya afya ya mwaka 2010 inaitaka hospitali inayopokea pesa za serikali kuu imlete mkalimani bila malipo, na hairuhusu kumtumia mtoto isipokuwa kwa dharura. Mwache mtoto acheze. Sema: nataka mkalimani wa Kiswahili, kisha kaa hapo hapo mpaka aje.

Yuko humu mtu mwenye barua ya mkusanya madeni aliyoificha kabatini. Baba, mama, itoe leo. Hakuna mkusanya madeni anayeruhusiwa kukutishia polisi kwa uongo, wala kukupigia kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa tatu usiku. Una siku 30 tangu ulipoipokea taarifa yake ya deni za kumwandikia kwamba unapinga na unataka uthibitisho, na ukishaandika hivyo lazima aache kukudai mpaka aulete. Siku hizo zinahesabiwa tangu bahasha ilipokufikia, hata kama hujaifungua.